Jumwa na Morris Lisilo na Paa

Kwa miaka kumi na tisa Jumwa Mramba alishona mbele ya dirisha lile lile. Chumba cha ushonaji cha hoteli kilikuwa nyuma ya dobi, na dirisha lake lilitazama pembe ya bustani ambako wageni walipenda kupigia picha, kwa sababu hapo palikuwa na gari la kale lililogeuzwa chungu cha maua. Lilikuwa Morris Minor la miaka ya hamsini, la aina ile ambayo paa lake ni turubai na hukunjwa nyuma. Turubai lilikuwa limeoza zamani. Mtunza bustani alijaza udongo mahali pa viti akapanda mkilua, nao ukastawi ukapita kimo cha usukani. Vyuma vya kushikilia paa vilibaki vimesimama vitupu.

Wageni waliutazama mkilua. Jumwa alitazama vile vyuma. Katika hoteli ile alikuwa ameshonea kila kitu nguo yake: magodoro ya viti vya bwawani, miavuli ya ufukweni, mapazia, makochi ya mapokezi. Vyuma vile tu ndivyo alivyoviona kila siku na hakuna aliyewahi kumwambia avishonee chochote.

Alikuwa mtu wa Taru. Babake alinunua mbuzi minadani na kuwauza kando ya barabara kuu, na Jumwa alipomaliza darasa la saba alipelekwa Mariakani kwa fundi mmoja aliyeshona maturubai ya malori. Hapo alikaa miaka minne. Turubai la lori ni zito, sindano yake ni nene kama msumari, na mshono ukienda upande fundi aliufumua wote mbele ya macho ya mshonaji. Jumwa aliondoka Mariakani na vidole vigumu na tabia ya kuvuta kila kitambaa alichokutana nacho kuona kama kitachanika. Kisha akaolewa na Charo, mpishi, wakahamia Ukunda.

Mwaka wa korona hoteli ilifungwa, na haikufunguliwa tena. Ilipouzwa, wafanyakazi waliitwa kuchukua vitu vyao. Jumwa alichukua mkasi wake, futi yake ya kupimia, akaenda ofisini kwa msimamizi na kuomba gari.

"Gari?" msimamizi aliuliza. "Lile la maua?"

"Maua mnaweza kuyabakisha," Jumwa alisema.

Msimamizi alikuwa akingojea wanunuzi wa vyuma chakavu waje wiki ile ile. Alitafuta kwenye faili akapata hati ya gari, akaandika barua, akapiga muhuri. Siku mbili baadaye Morris liliteremshwa kutoka kwenye lori la mawe, mbele ya nyumba yao huko Mvindeni. Charo alilizunguka, akainama akachungulia chini.

"Mama Kadzo," alimwambia mkewe, "tumeachishwa kazi sote wawili, nawe umeleta gari lisilo na sakafu."

"Sakafu itawekwa."

"Na nani?"

Hilo Jumwa hakulijua. Aliweka cherehani barazani, akaanza kushona magodoro ya nyumba ndogo za wageni, na jioni, kazi ikiisha, alishona paa la Morris. Alipima vyuma, akakata karatasi za saruji kuwa kielelezo, akanunua turubai jeusi. Miezi mitano ilipopita gari lilikuwa na paa jipya linalokunjuka na kukunjika bila kukwama, na chini ya paa hilo hapakuwa na kitu isipokuwa kutu.

Hivyo ndivyo Jethro alivyolikuta. Jethro alikuwa kijana wa bara, fundi wa jenereta katika hoteli moja ya Diani, na alikuja kuchukua magodoro. Alikuwa na Datsun lake la zamani alilolitunza kama mtoto.

"Mathe," alisema, "kwa nini ulianza na paa?"

"Kwa sababu paa ndilo ninalolijua."

Jethro alicheka, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wasapu la wapenzi wa magari ya kale wa Pwani. Watu walikuja Jumamosi hiyo, wengine kutoka Mombasa, wakalizunguka gari, wakasifu mshono, wakanywa chai ya Charo na kwenda zao. Waliorudi tena, mbali na Jethro mwenyewe, walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Mzee Boga wa Msambweni, aliyestaafu baada ya maisha mazima ya kutengeneza magari ya wagonjwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aligonga bodi kwa nyundo ndogo, akisikiliza, na kila mahali mlio ulipokufa alichora duara kwa chaki. Alipomaliza, gari lilikuwa jeupe kwa chaki. Kabla ya kukata chuma chochote alichomelea vipande vya kukingama kati ya mlango na mlango. Gari lisilo na paa la bati, alimweleza Jumwa, nguvu zake zote ziko sakafuni. Ukikata sakafu bila kulifunga, linapinda katikati na milango haitafungika tena maishani. Jumwa alimwelewa mara moja. Hata turubai la lori hufungwa pembe kwanza.

Wa pili alikuwa Mzee Abdulrahim. Huyu alikuwa ameuza vipuri Mwembe Tayari kwa miaka arobaini, na nambari za vipuri vya Morris alizijua kwa moyo. Yeye mwenyewe hakuwa na gari tena. Macho yake hayakumruhusu kuendesha. Kila alipokuja alivuka feri akiwa na kifurushi cha gazeti kwapani, na ndani ya gazeti mlikuwa na kitasa cha mlango, au pete ya taa, au kibonyezo cha honi. Kila kitu alikitolea historia yake. "Hiki kimetoka Tanga, kwenye gari la daktari. Hiki nilikiuza mwenyewe mwaka wa sabini na tisa, nacho kimerudi kwangu." Aliamini gari hurudishwa lilivyokuwa, si karibu na lilivyokuwa. Chini ya dashibodi alikwangua kwa ukucha mpaka akaipata rangi ya kwanza, kijivu chenye ukijani, na hakukubali itajwe rangi nyingine. Jumwa aliwapenda wote watatu, lakini Abdulrahim ndiye aliyekaa naye barazani akimfundisha majina ya vitu.

Walipoifungua injini waliona ufa kati ya silinda mbili, mrefu kama kidole. Jethro alipiga mluzi.

"Iacheni," Abdulrahim alisema. "Nitatafuta bloku nyingine."

Alitafuta. Alipiga simu Tanga, Unguja, Moshi, Kampala, akiulizia bloku, yaani mwili mzima wa injini, isiyo na ufa. Ya Unguja ilikuwa imeuzwa. Ya Moshi ilikuwa ya saizi nyingine. Miezi ikaenda. Mzee Boga akamaliza sakafu, rangi ikapigwa, viti vikashonwa. Jumwa akajiunga na shule ya udereva, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja kati ya vijana waliomwita mama, akapata leseni. Mwezi wa kumi na nne tangu lifike Mvindeni, gari lilikuwa limekamilika kila mahali isipokuwa chini ya boneti.

Huko Taru mamake, Bi Kavumbi, alikuwa amepita miaka themanini. Jumwa alimpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama aliuliza, "Lile gari lako limefika wapi?" Mwanzoni ulikuwa mzaha wao. Baadaye mama akawa anauliza mara mbili katika simu ile ile, kisha mara tatu, na kila mara kana kwamba ndiyo ya kwanza. Jumwa alimjibu kila mara kana kwamba ndiyo ya kwanza. Akikata simu alikaa kidogo kabla ya kurudi kwenye cherehani.

Wiki moja Jethro alikuja na habari kwamba pikapu ya Toyota imegongwa kwa nyuma huko Kona ya Musa, na injini yake ni nzima. "Hii itaingia, mathe. Nimepima. Tunabadilisha vishikio tu na giaboksi."

"Mzee Abdulrahim hatapenda."

"Hawezi penda. Lakini hii gari ni yako."

Jumwa alifikiri siku mbili, kisha akamwambia aitie. Alikusudia kumpigia Abdulrahim kabla. Siku ya kwanza alikuwa na magodoro ishirini ya kumaliza. Siku ya pili hakujua aanze vipi. Siku ya tatu injini ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo juu ya Morris, na Jethro, kwa furaha yake, akaipiga picha na kuituma kwenye kundi. Watu walituma vidole gumba. Haikupita saa moja, kundi likaonyesha kwamba Abdulrahim amejiondoa. Jumwa alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na Ijumaa baada ya sala. Haikupokelewa.

Mzee Boga aliitazama ile picha, akairudisha simu mfukoni. "Ungemwambia," alisema, akaendelea kukaza nati.

Mwezi wa Agosti Jumwa aliendesha kwenda Taru. Charo alikaa ubavuni na Jethro akafuata nyuma kwa Datsun, vifaa vyote vikiwa kwenye buti. Walipanda mlima wa Kwale kwa gia ya pili, na injini haikulalamika. Kinango walisimama kununua maji, na mwenye duka akauliza kama ni gari la harusi. Kutoka Samburu waliingia barabara kuu, na malori ya Nairobi yalipowapita Jumwa aliyatazama maturubai yake bila kukusudia, akaona mawili yaliyoshonwa vibaya.

Bi Kavumbi alikuwa amekaa mlangoni. Alilitazama gari muda mrefu.

"Mvua ikinyesha?" aliuliza.

Jumwa alimwonyesha. Alitegua vishikizo, akavuta paa, likasimama na kujifunga juu ya kioo cha mbele.

"Huku hakuna mvua," mama alisema. "Lifunue."

Walilifunua, wakamkalisha mbele, wakampeleka mpaka barabarani na kurudi, kisha mpaka barabarani tena. Leso yake ilipepea ikamfunika uso, akaishika kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaushika mlango. Alimuuliza Jumwa gari ni la nani. Jumwa akamwambia, "Ni langu, mama." Walipofika nyumbani akauliza tena, akajibiwa, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Siku tatu baada ya kurudi Ukunda, Jumwa alivuka Likoni peke yake na Morris, akauliza mtaani mpaka akaonyeshwa nyumba ya Abdulrahim. Mzee alitoka na kikoi na fulana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Jumwa. Hujambo? Charo hajambo? Na mama huko Taru?"

Walisalimiana mpaka mwisho wa salamu, kwani wote wawili walikuwa watu wa kutozikata. Kisha Jumwa akasema, "Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa ajili ya injini?"

"La. Injini niliitaka, na leo ningeitaka tena. Nimekuja kwa sababu uliijua kwa picha."

Abdulrahim alivuta kiti cha plastiki, akampa, akabaki amesimama. "Asubuhi ile," alisema, "nilikuwa nimepata habari ya bloku iko Dodoma. Nilikuwa nangoja sala iishe nikupigie."

"Ilikuwa nzima?"

"Sijui. Sikuendelea kuuliza."

Jumwa alikaa na mikono mapajani, na uzito alioubeba tangu siku ya ile picha ukawa mzito zaidi, lakini sasa angalau ulikuwa na umbo. Mzee alimwacha hapo akaenda kulizunguka gari. Kwenye boneti alipita bila kugeuza kichwa. Aligusa taa, vitasa, kila kitu alichokileta kwa gazeti. Nyuma ya gari alisimama, akasogeza uso karibu kabisa na turubai, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa kidirisha cha nyuma.

"Kidirisha hiki si chake."

"Chake kilikuwaje?"

"Kidogo zaidi. Na pembe zake ni za mviringo. Hiki umekikata kama dirisha la hema."

"Sikuwa na kielelezo."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Jumwa alikiri.

Mzee aliita ndani, chai ikaletwa na mahamri. Hawakuzungumzia gari tena siku ile.

Wiki mbili baadaye mzee alishuka Ukunda na kifurushi kirefu cha karatasi. Alikuwa amekwenda Kisauni, kwa mtu mwenye Morris bovu lakini lenye paa la asili, akachora umbo la kidirisha kwa penseli. Jumwa alifumua mshono wa nyuma wote, naye Abdulrahim akishika turubai lisilegee. Kazi iliwachukua mchana kutwa. Jethro alipofika, akafungua boneti kwa mazoea ili asikilize injini, mzee aliondoka pale akaenda jikoni kumuuliza Charo habari za bei ya samaki, akarudi boneti ilipofungwa.

Kwenye kundi hakurudi. Humpigia Jumwa moja kwa moja, kwa kawaida Alhamisi, na mara nyingi ni kumpa mtu anayetaka paa. Hadi sasa Jumwa ameshona manne. Mwezi wa Disemba kulikuwa na maonyesho ya magari ya kale Mombasa, na kwa kuwa Jumwa hupata taabu na fomu, Abdulrahim alimjazia yake. Aliandika mwaka, aina, rangi kwa jina lake kamili, jina la mshonaji wa paa, jina la Mzee Boga kwa sakafu. Mahali pa kuandika injini alipaacha wazi. Karani wa maonyesho alimwita Jumwa mezani, akapaonyesha kwa kalamu.

"Andika Toyota," Jumwa alisema.

Abdulrahim, aliyekuwa hatua mbili nyuma yake, alikuwa akisoma bango la ukutani lililoandikwa mahali vyoo vilipo. Alilisoma mpaka karani alipomaliza kuandika.