Ukurasa Usiofungwa Mchana

Naandika shajara kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani kwetu, sisi Wahindi, hakuna anayekisoma kwa raha. Babu anakisema tangu utotoni, Kiswahili cha dukani, cha kupimia mbolea na kugombeza wapakiaji, lakini akikiona kimeandikwa kwa mkono anasogeza karatasi mbali na macho na kuuliza kama ni barua ya kanisani. Ndiyo maana daftari langu liliweza kukaa wazi kwenye kaunta yake likizo zote za mwaka wa 2007. Mtu pekee ambaye angeweza kulisoma alikuwa dada wa dukani, na yeye alilisoma, tena akaniwekea alama za penseli kama mwalimu.

Hakuwa dada yangu wa kuzaliwa. Babu alimwajiri nikiwa darasa la sita, na mimi ambaye wageni wakija nyumbani najifungia bafuni mpaka waondoke, niliweza kuongea naye siku nzima. Kwao ni Mau Narok, juu kwenye ngano na viazi. Mama yake aliishi peke yake huko na hawakuwa wameonana tangu Pasaka. Kila alipoomba ruhusa, babu alimpa jibu moja.

"Nani atakaa na hii mashini?"

Mashini yenyewe ilikuwa kompyuta ya kaunta. Mwezi wa nane, baba mdogo, ambaye alisomea mambo hayo na anafanya kazi Nairobi, alitutengenezea ukurasa wa oda kwenye intaneti. Duka letu dogo la Lanet linapokea simu za wakulima wa Kabazi, Mau Narok na kwingineko, oda zinaandikwa huko, na baada ya nusu dakika zinatokea kwetu mjini zenyewe: mahali, bidhaa, idadi, na kando yake kitufe kilichoandikwa "Imepakiwa." Lori likishapakiwa, dada anabonyeza kitufe na mstari unatoweka. Siku ya kwanza babu aliupaka ukingo wa kioo cha kompyuta tika, ile alama nyekundu ya baraka, na kuvunja nazi mlangoni. Akasema, kuanzia leo huu ukurasa ni mlango wa duka, na mlango wa duka haufungwi jua likiwa juu. Ukiufunga mchana, baraka inapita kwa jirani.

Shida ni kwamba ukurasa ulikuwa ukiganda. Asubuhi ulikuwa mwepesi. Kufikia saa tano, ukibonyeza kitufe kinafikiria kwanza. Kufikia saa saba, hata mshale ulikuwa hausogei. Na ubaya wake, haukusema umeganda. Oda zilibaki pale pale kwenye kioo, zimetulia, kana kwamba watu wote wa milimani wameacha kuhitaji kitu. Mara mbili lori liliondoka bila dawa ya kuogeshea ng'ombe, na simu za matusi zikaja kesho yake.

Kulikuwa na dawa rahisi, nayo ni kuufunga ukurasa na kuufungua upya. Kwa vile babu alikataza, dada akawa anaiba. Saa tano, babu akienda stoo kunywa chai, mkono wake unateleza: anafunga, anafungua. Saa saba, babu akila. Saa tisa, babu akiongea na simu akiwa ameangalia barabarani. Hakuna mtu mwingine aliyejua hizo saa, kwa hivyo kila alipopumzika siku moja, mashini ilikufa, na babu akaona kwamba bila huyu msichana haiwezekani.

"Hiyo usiandike," dada aliniambia.

Niliandika.

Baba mdogo alikuja Jumamosi moja ya Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Alikaa mbele ya kioo dakika kumi, akabonyeza huku na huku.

"Kwangu inafanya kazi. Hakuna shida hapa. Ni huyu, anafungua madirisha mengine anacheza karata."

"Karata, boss?" dada akasema. "Ningekuwa nacheza kutoka mwezi wa nane, si saa hii ningekuwa nimekushinda hata wewe?"

Wapakiaji walicheka. Babu hakucheka. Alimwambia mbele yetu wote: "Mashini ikitulia, Krismasi utaenda kwenu. Isipotulia, unakaa."

Niliona uso wa dada. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya siku.

Hapo ndipo nilipoamua nitamtengenezea. Sikumwambia mtu. Mimi kusema kitu mbele ya watu ni kazi, lakini kukaa kimya na kuangalia kitu kimoja masaa mengi, hiyo naweza kuliko wote. Na nilijua jambo moja ambalo baba mdogo hakulijua: ugonjwa huu haumtokei mtu wa dakika kumi.

Kompyuta ina mahali pa kuonyesha kila programu imekula memori kiasi gani. Nilipafungua pembeni kwa udogo, na kila robo saa nikawa naandika namba kwenye upande wa kushoto wa daftari. Asubuhi namba ilikuwa ndogo. Ikapanda. Ikapanda. Nilidhani ni oda nyingi, basi Jumapili nikaomba funguo nikisema nimesahau kitabu, nikafungua ukurasa bila oda mpya hata moja, bila kugusa kitu. Ikapanda vilevile. Nikachomoa waya wa intaneti. Ikasimama. Nikaurudisha. Ikaendelea kupanda. Nilikaa ndani ya duka lililofungwa, harufu ya dawa ya wadudu ikinikaba, nikaangalia ile namba ikiongezeka kidogo kila nusu dakika na hairudi nyuma hata mara moja. Sijui kwa nini iliniogopesha. Kwenye kioo hakukuwa na kitu kilichobadilika.

Nilielewa hivi: kila nusu dakika ukurasa unaenda kuuliza Lanet kama kuna jipya, na ukirudi unaifuta orodha yote na kuiandika upya, pamoja na vitufe vyake. Kwa macho, orodha ya zamani imeenda. Kumbe haijaenda. Ni kama wapakiaji wetu kutoa magunia matupu kaunta na kuyatupa stoo, kaunta iko safi, mpaka siku mlango wa stoo unakataa kufunguka.

Mwanzo wa Desemba nilikuwa nahesabu mistari ya oda nione kama inalingana na namba yangu. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hebu angalia hapo," akasema.

"Kumi na saba."

"Si hesabu. Soma. Mwaka jana wakati huu tulikuwa tunaandika mbegu mpaka kalamu inakauka. Nionyeshe mbegu."

Nikasoma. Panga. Tochi. Panga. Waya wa seng'enge. Panga. Dawa ya ng'ombe. Panga.

"Mahindi yalishavunwa," akasema. "Wanafyeka nini?"

"Labda ni za kukata keki ya Krismasi," mpakiaji mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Dada naye akacheka, lakini akachelewa.

"Panga ni panga," babu akasema bila kuinua kichwa. "Mtu akitaka panga, tunamuuzia panga."

Nitasema ukweli kwa sababu hili ni daftari langu. Nilisikia, lakini akili yangu ilikuwa kwenye namba kumi na saba. Upande wa kushoto wa ukurasa wa siku hiyo ni masaa na memori. Upande wa kulia, kama kawaida yangu, ni maneno ya watu. Kuna mteja aliyesema kura ya mwezi huu ikiisha kila mtu atarudi kwao. Kuna mwingine aliyempokea dada chenji, akamwuliza kwao ni wapi, na alipojibu Mau Narok akamwambia, "Mau Narok, lakini si kwenu kwenu," akatabasamu, akachukua boksi lake la panga akaenda. Dada aliendelea kupanga noti. Niliandika kwamba alizipanga mara mbili.

Baba mdogo alipokuja tena, sikuweza kumpa daftari. Kulikuwa na mambo ya watu humo, na ya babu, na ya baba mdogo mwenyewe na ile jeuri yake. Kwa hivyo nilinakili kwenye karatasi upande wa kushoto tu. Masaa, namba, siku ya Jumapili, waya uliochomolewa. Nilimpa karatasi, nikaenda kusimama nyuma ya mabomba ya kunyunyizia dawa.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Nani amekufundisha hii?"

Nilitikisa kichwa.

"Ni vitufe," akasema, sasa akijiongelesha mwenyewe. "Nafuta mstari lakini kitufe bado nimekifunga kwenye kazi yake, na kazi imekishika kitufe. Kila mmoja amemshika mwenzake, hakuna anayeachiliwa. Mjinga mimi." Hajawahi kusema hivyo mbele ya babu. Kufikia chai alikuwa amebadilisha: kwanza unakifungua kitufe, ndipo unafuta mstari. Alimwambia dada pole kwa habari ya karata.

"Pole haijazi tumbo, boss. Lete soda."

Tuliujaribu siku tatu. Namba ilipanda, na kwa mara ya kwanza ikashuka. Saa tano ya siku ya kwanza nilimwona dada mkono uko juu ya mausi, anangoja. Kitufe kikaitika mara moja. Saa saba, kikaitika. Saa tisa akautoa mkono akauweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Umenimaliza wewe," akaniambia. "Sasa kazi yangu ni gani hapa?"

Jioni ya siku ya tatu babu alitazama tika kwenye kioo, akatazama kalenda, akasema, "Basi nenda. Uende upige kura, ule Krismasi na mama yako, urudi mwaka mpya."

Aliondoka Ijumaa kabla ya Krismasi na lori letu, kwa sababu lilikuwa linapeleka oda huko huko. Nilikuwa nimesimama kaunta nikibonyeza vitufe badala yake, mstari kwa mstari, wapakiaji wakiita. Seng'enge, Mau Narok, imepakiwa. Dawa ya ng'ombe, Mau Narok, imepakiwa. Panga, maboksi mawili, Mau Narok, imepakiwa. Yeye alikuwa ameketi mbele na dereva, amevaa sweta mpya ya rangi ya zambarau, na juu ya mapaja amebeba keki ya mama yake. Alinipungia. "Nitakuletea viazi!" Nami, kwa aibu yangu, niliinua mkono nusu tu kwa sababu wapakiaji walikuwa wananitazama.

Watu wakapiga kura. Kilichofuata, watu kufukuzana na kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila, kila mtu hapa anakijua, na mimi nilikiona kidogo sana, kwa sababu tulikuwa ndani. Simu ya dada ilisema mteja hapatikani. Ilisema hivyo mwaka mpya, ikasema hivyo wiki iliyofuata. Dereva wa lori alisema barabara ya juu ina magogo na hatapanda hata kwa bunduki. Mwisho wa Januari mji wetu wenyewe ukashika moto na kutoka paa la nyumba tuliona moshi upande huu na ule, na babu akatuambia tusihesabu.

Siku tulipofungua duka tena kidogo, mlango nusu, niliwasha kompyuta. Ukurasa ukafunguka vizuri. Nilikaa nao kutwa. Kila nusu dakika ulienda Lanet kuuliza, ukarudi bila kitu, kioo cheupe. Haukuganda. Namba ilipanda kidogo ikashuka, ikapanda ikashuka. Nilikuwa nimeutengeneza vizuri sana. Nikawaza ninavyowaza mpaka leo: ningeacha karatasi ile ndani ya daftari, ungeendelea kuganda, na yeye angekuwa amekaa hapa nilipokaa, amenuna kwa sababu ya Krismasi.

Alirudi Februari, siku ya Jumanne. Nilikuwa bado nyumbani, shule yetu ilikuwa haijafunguliwa. Aliingia chini ya mlango ulioinuliwa nusu, amevaa koti la mwanamume na viatu vya plastiki visivyolingana. Alikuwa peke yake. Ile sweta hakuwa nayo. Babu alisimama, jambo ambalo hamfanyii mtu, akamsogezea kiti chake mwenyewe. Wapakiaji walitazama chini. Hakuna aliyemwuliza mama yuko wapi, na yeye hakusema.

Alikataa kiti cha babu. Akaenda kukaa mahali pake mbele ya kioo. Nilimletea chai, akaishika bila kunywa.

Saa tano ilipofika, babu alikuwa palepale, hajaenda stoo, anatuangalia. Dada aliweka kikombe chini. Mkono wake ukateleza, akaufunga ukurasa, mchana kweupe. Akangoja. Kisha akaufungua upya.

Haukuhitaji tena kufungwa, na sote watatu tulijua. Babu akageuka akatazama barabarani. Saa saba dada akaufunga tena.