Pua ya Babu Konradi

Harufu ya gundi ya kubandikia ndevu za bandia hunirudisha Al Wukair, kule Uarabuni, mpaka leo, nayo hunirudisha na hasira zangu zote. Mama yangu, mtu wa Tanga, alikuwa mpishi wa familia moja ya Kijerumani, na sisi wawili tulikaa chumba cha uani. Baba wa mama mwenye nyumba, niliyemwita Babu Konradi, alikuwa mwigizaji mstaafu wa jukwaani na wa filamu. Gundi ile bado aliitunza kabatini.

Alinionyesha filamu zake. Mwuaji, askari jela, mlevi anayempiga mkewe. Hata moja hakufika mwisho akiwa hai. Pua yake ilipinda tangu utotoni, basi ikawa ndiyo kazi yake: kuigiza watu wabaya. Hebu niambieni, pua ina kosa gani? Na mtu mwenyewe hata mende alimtoa nje kwa kipande cha karatasi asije akamkanyaga.

"Kwa nini hukukataa, Babu?"

"Ningekataa, wangetafuta pua nyingine."

Mwaka ule shuleni tuliandaa mchezo. Niliutaka umalkia, na maneno yote nilikuwa nimeshayakariri. Mwalimu hakunisikiliza hata sentensi moja. "Wewe utakuwa mtumishi," akasema. "Unafaa." Darasa zima lilijua kazi ya mama yangu. Mama akaniambia nikubali tu, tusije tukaonekana wabishi kwenye nchi za watu.

Babu hakunibembeleza. Aliniuliza, "Mama yako akiweka chai mezani, huwa anawaza nini?" Sikujua, nikaenda jikoni kumwuliza. Mama alifuta mikono taratibu. "Namuwaza bibi yako, kama leo kala."

Siku ya mchezo niliweka sinia mbele ya malkia huku nikimuwaza bibi. Mama, aliyekaa nyuma kabisa, akajifunika uso kwa mtandio. Nilipigiwa makofi kuliko malkia, nikajua sasa wameniona.

Mwalimu akanishika bega. "Si nilikwambia unafaa?"

Nikamtafuta Babu kwa macho. Alikuwa nyuma ya mwalimu, ameinamisha kichwa, nami nikadhani nimemwaibisha. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba maneno yale aliambiwa maisha yake yote. Kila alivyoigiza vizuri ndivyo walivyozidi kumfungia mlango, tena huku wakimpigia makofi.

Mwaka uliofuata nikapewa mtumishi tena. Nikakataa. Wakampa binti wa dereva.