Slaidi ya Nne

Chumba cha kompyuta cha shule yetu kilikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto. Mashine zilikuwa kuukuu, tulipewa na watu waliokwisha kuzichoka, na zikiwashwa asubuhi zilivuma kama kinu cha kusaga kilicho mbali, kisha joto likaanza kutoka kwa nyuma na vumbi lililolala humo miaka mingi likanuka chumba kizima. Juu ya harufu hiyo kulikuwa na ya rangi ya mafuta iliyopakwa ukutani karibuni, na ya soksi zetu, maana viatu tulivua mlangoni. Mpaka leo nikiingia kwenye ofisi yenye kompyuta ya zamani, kabla hata sijakaa, narudi kwenye chumba kile. Kuna watu wanaokumbuka utoto wao wakisikia harufu ya chakula cha mama. Mimi nakumbuka nilichomfanyia Mwanaidi Kondo.

Tulikuwa kidato cha pili, katika shule ya kutwa hapo Kibaha. Nyumbani kwetu kulikuwa mtaa wa Picha ya Ndege, kwenye nyumba ambayo wazazi wangu, waliokuja kutoka bara kwa ajili ya kazi, walikuwa wakiijenga chumba kimoja kimoja. Mama alikuwa karani ofisini na alikuwa na laptop, na mimi niliruhusiwa kuigusa siku za Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo siku tuliyoambiwa kwamba muhula huo tutajifunza kutengeneza slaidi za kuonyesha ukutani kwa projekta, nilijiona nimefika kabla ya wenzangu kuanza safari. Mashine zilikuwa nane na sisi tulikuwa wengi, tukapangwa wawili wawili kwa zamu, na mimi nikapewa Mwanaidi. Alitoka kijiji cha ndani huko Kisarawe, ambako baba yake alilima mihogo na alikuwa na mikorosho, na hapa mjini alikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Pangani. Hakuwahi kugusa kompyuta. Siku ya kwanza alishika kipanya kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kifaranga ashike, na mimi nikacheka, na yeye akacheka pia. Nikamfundisha kubofya. Nikamfundisha kufungua ukurasa mpya, kuandika kichwa cha habari, kupaka rangi nyuma ya maandishi, kuhifadhi kazi yake kwa jina lake. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mwalimu wake, na nilipenda sana kuwa mwalimu wake.

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa Mwalimu Sanga, kijana mwembamba, msafi, ambaye hakuwahi kumpiga mtu fimbo. Hakuhitaji. Kila Ijumaa alikuwa na desturi yake: alichagua kazi moja mbaya kuliko zote, akaifungua kwenye projekta, ikajaa ukuta mzima na jina la mwenyewe juu, akakaa kwenye meza na kutuambia, "Haya, semeni mnachokiona." Tukasema. Mtu alisimama mbele, karibu na kazi yake, mwanga wa projekta ukimpiga usoni, na darasa likamchambua mpaka kengele ilipolia. Ukikosa la kusema, Mwalimu Sanga alikuita mnafiki. Aliyelia alipewa dakika ya kujifuta, kisha tukaendelea. Tulijifunza haraka sana. Ijumaa ya nne ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeweka rangi saba kwenye ukurasa mmoja, na maneno yangu yaliingia yakizunguka, mengine yakidondoka kutoka juu herufi moja moja, kwa sababu nilidhani ufundi ni kutumia kila kitu kilichomo. Mwalimu Sanga aliitazama, akasema taratibu, "Editha ametuandalia ukumbi wa harusi. Bibi harusi yuko wapi?" Darasa likalipuka. Kuanzia siku hiyo niliitwa Mama Harusi, hata na wapishi wa uji. Lakini kicheko ninachokikumbuka ni kimoja tu. Mwanaidi alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaweka kiganja mdomoni, na juu ya kile kiganja macho yake yalikuwa yanacheka.

Hapo nilipaswa kukumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikwisha kuwacheka wenzangu watatu waliotangulia, na kwa sauti kubwa zaidi. Sikukumbuka.

Ilipokaribia siku ya wazazi, Mwalimu Sanga alitangaza kwamba kazi moja itaonyeshwa mbele ya wazazi wote, na mada ni kazi wanayofanya wazazi wetu. Mwanaidi aliifanya yake pale pembeni yangu, na niliiona ikikua siku hadi siku. Hakuwa na picha za kuweka, basi alichora kwa yale maumbo madogo yaliyomo kwenye programu, duara, pembetatu na mistari. Duara akalivuta likawa bibo, akaliwekea korosho yake chini. Pembetatu akazipanga zikawa paa la makuti. Mstari akaupinda ukawa mgongo wa mtu aliyeinama na jembe. Hakuna alipoandika neno hata moja. Nilimuuliza kwa nini, nikimwambia atapoteza alama. Akatazama nyuma kama kuna anayesikia, akasogea karibu yangu.

"Baba atakuja," aliniambia. "Hizi herufi zetu hazijui. Nataka aone kitu anachokielewa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asikae anasubiri mtu amwambie."

Nikamwambia ni wazo zuri. Lilikuwa zuri kweli, na ndiyo maana liliniuma. Siku mbili baadaye kazi yake ikachaguliwa. Nilipofika nyumbani na kumweleza mama, alikuwa anakatakata mchicha, hakuinua uso. "Mtoto wa kijijini, hajawahi kuona kompyuta, anakushinda wewe uliye nayo ndani ya nyumba," alisema. "Sijui nikuambie nini." Jioni ile nilikula nikihesabu makosa ya Mwanaidi kama mtu anayetafuta sababu na anajua ataipata.

Siku ya wazazi nilifika shuleni mapema kwa sababu Mwalimu Sanga aliniagiza niwashe kompyuta iliyounganishwa na projekta pale ukumbini, niihakikishe. Kazi ya Mwanaidi ilikuwa hapo kwenye kioo, imeandikwa jina lake. Nilikuwa peke yangu. Nilifungua, nikahesabu slaidi tatu, ya tatu ikiwa ile ya mtu aliyeinama na jembe, na baada yake nikaongeza ukurasa mpya. Nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: HUYU NI BABA YANGU. HAJUI KUSOMA. HATA HAPA ANAONA WADUDU TU. Nikayapa maneno ule mwendo wa kudondoka herufi moja moja, niliochekwa nao. Mwisho nikaweka sauti ya makofi, ile inayokuja na programu yenyewe. Nikaijaribu mara moja. Ilifanya kazi vizuri. Nikahifadhi, nikatoka nje, nikaenda kupanga viti.

Mzee Kondo alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito iliyodariziwa, na fenesi zima kwenye mfuko, la kumpa mwalimu wa mtoto wake. Alikaa mstari wa pili. Mama yangu alikuwa nyuma yake. Mwanaidi alisimama karibu na ukuta akaanza kueleza, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikuwa na haraka. Slaidi ya kwanza ilikuwa shamba, ya pili mikorosho, ya tatu baba yake na jembe, na mzee alipojiona alitikisa kichwa taratibu, kidole kikinyooka kuelekea ukutani bila yeye kujua. Mwanaidi akabofya tena. Herufi zikaanza kudondoka. Nilimwona akigeuka kutazama, akabofya ili zipite, lakini mashine ilikuwa nzito, ikazidi kudondosha moja baada ya nyingine, na wanafunzi walioketi nyuma walikuwa wakizisoma kwa macho kadiri zilivyokuja. Vicheko vikaanza. Wazazi waliozisoma wakaficha nyuso. Kisha yale makofi yakalia kutoka kwenye spika. Mzee Kondo aliyasikia, akatazama huku na huku akitabasamu, na akaanza kupiga makofi. Alipiga makofi peke yake mpaka sauti ya spika ilipokoma, akaongeza kidogo, na wanafunzi wakazidi kucheka, na yeye, akiwaona wanafurahi, akacheka nao.

Baada ya shughuli nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya baraza, nao wakapita karibu yangu wakielekea getini. Mzee alikuwa amemshika bega.

"Pale mwishoni, yale mekundu," alimuuliza, "paliandikwa nini, mwanangu?"

"Jina lako, baba."

"Refu vile?"

"Na la babu."

Mzee akasimama. Akatafakari, akasema, "Babu yako angekuwepo leo," halafu wakaendelea.

Jumatatu mkuu wa shule alituita mstarini akauliza nani aliyefanya jambo lile la aibu. Mara moja Mwanaidi alinyoosha mkono, akasema ni yeye mwenyewe, alitaka kuchekesha. Hakunitazama. Alichapwa fimbo nne mbele yetu, akapewa wiki mbili za kufyeka majani nyuma ya vyoo, na kwa wiki hizo mbili nilipita pale kila siku nikiwa na wenzangu, na wenzangu walimwita mtoto anayemtukana baba yake, na mimi nilikuwa nao. Mwalimu Sanga aliniita ofisini siku ileile ya Jumatatu. Nilijua anajua, maana nani mwingine alikuwa akidondosha herufi namna ile. Nilisimama nikisubiri. Alikuwa anasahihisha madaftari. "Nyekundu kwenye ukuta mweupe inaumiza macho," alisema bila kuacha kazi yake. "Nyeusi ingesomeka vizuri zaidi." Kisha akaniambia niende. Muhula uliofuata Mwanaidi hakurudi. Tulisikia amehamia shule ya Kisarawe, karibu na kwao, isiyokuwa na kompyuta. Nami kwenye mashine yetu nikabaki peke yangu, nikafaulu vizuri sana.

Kazi ninayofanya sasa ni ya kutoa mafunzo, na slaidi ndizo zinazonilisha. Mwaka fulani nilipelekwa Kisarawe kuwafundisha wakulima wa korosho, na kwenye ukumbi wa kata, nilipokuwa naunganisha projekta, nikamwona Mwanaidi akigawa karatasi ya mahudhurio. Alikuwa katibu wa kikundi chao. Amenenepa kidogo, amejifunga mtandio wa kijani. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mgeni yeyote. Wakati wa chai nilimfuata nje, nikaanza kusema maneno niliyoyapanga miaka mingi, na hayakufika popote, akanikatiza bila hasira.

"Nilijua siku ileile, Editha."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangewaita wazazi. Baba angeketi pale ofisini, na mtu angemsomea." Alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe chake, akakikung'uta. "Usidhani nilikuficha wewe."

Nikauliza habari za mzee. Akasema alifariki, na kwamba mpaka anafariki alikuwa akiwasimulia watu msikitini jinsi jina lake lilivyoandikwa ukutani Kibaha kwa mwanga, na watu wakapiga makofi. "Na ulikosea," aliongeza. "Baba alikuwa anasoma. Alisoma chuoni tangu mtoto, Kurani aliimaliza mara nyingi, vijana wa pale alifundisha yeye. Herufi zenu tu ndizo hakuzijua." Nilimwambia niko tayari kwenda nyumbani kwao, kumwomba radhi mama yake, kusema mbele ya yeyote anayemtaka. Alinitazama kama mtu anayepima kama kitu kinafaa kubebwa. "Kwenda kusema nini, mama naye aanze kulia? Rudi ndani. Watu wanasubiri somo." Nikarudi ndani, nikafundisha. Aliketi mbele, akauliza swali zuri kuhusu ukungu wa mikorosho, akaandika jibu langu, na mwisho akakusanya karatasi zake akaondoka pamoja na wenzake bila kuniaga.

Siku hizi binti yangu anatengeneza slaidi kwenye simu, amelala kwenye kochi, kwa muda ambao sisi tulikuwa bado tunasubiri mashine iwake. Sura ya mtu anaiweka, anaipotosha, anaituma kwa darasa zima, na anayechekwa halazimiki hata kusimama mbele ya ukuta. Yuko kwao, amejifungia chumbani. Juzi nilimnyang'anya simu kwa sababu ya picha ya mwenzake, akaniambia, "Mama, ni utani tu, kila mtu anafanya." Nilitaka kumsimulia habari hii yote. Nilikaa pembeni yake, nikafungua mdomo, na nikaona nikianza nitalazimika kumwambia aliyeandika ni nani. Nikamwambia afute. Akafuta, akanionyesha kwamba amefuta, nikamrudishia simu yake.