Antena Ndefu ya Manyanda

Mume wangu, Manyanda, kazi yake ni kutundika mizinga ya nyuki. Mti wowote wa kijiji chetu cha Kasekese anaupanda na kamba yake ya magome bila kutetemeka, ndiyo maana mwaka tisini na nne walipotaka mtu wa kupanda mnara wa mlimani hawakuhangaika kutafuta. Mnara ulikuwa wa ripita, chombo kinachodaka sauti ya redio na kuirusha mbali zaidi, ili zahanati yetu huku bondeni iweze kuita gari la hospitali Mpanda. Fundi alikuwa Gaspar, mtu wa mjini aliyependa redio kuliko mke wake.

Gaspar alileta antena mbili, moja ndefu na moja fupi, akatuambia wanakijiji tuchague. Kha! Nani atachagua fupi? Vidole vyote vikaenda kwenye ndefu.

Siku Manyanda aliyoipandisha, binti yetu Verdiana akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, akawa anatoka damu. Nesi Specioza akashika redio. "Mpanda, Mpanda!" Mkwaruzo tu. Akabadilisha betri. Mkwaruzo. Nikatoka nje na, jamani, mnara ule pale, mume wangu yuko juu kabisa, naona hata rangi ya shati lake! Sasa inakuwaje mtu namwona kwa macho, redio haimfikii?

Nikapanda mlima mbio, kanga mkononi. Chini ya mnara nikamkuta Gaspar anacheka peke yake.

"Mama Verdiana, Mpanda wananisikia kama niko mlangoni kwao!"

"Na sisi hapo chini?"

Akatazama bonde, akatazama antena, akakuna kichwa. "Mbona nyie ndio mko karibu?"

"Basi waite wewe! Mwanangu anakufa!"

Akaita, wakajibu palepale kwamba gari linakuja. Mimi nikapaza sauti juu: "Baba Verdiana!" Kimya. Kwa mwiko wa ukoo wao mtu akiwa juu haitiki, hata aitwe na nani, mpaka ashuke. Nikamtukana mpaka koo likakauka, nikarudi kwa mwanangu.

Kesho yake, hospitalini Mpanda, wakanipa redio. Sauti ya mume wangu ikaja safi kutoka kule mnarani, nasikia hata anavyohema.

"Mama Verdiana! Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai. Na mjukuu wako huyu hapa, msikilize anavyolia."

Nikamsikia anavuta kamasi. Nilijua naye analia. Halafu akasema, "Sasa mbona jana mkiwa hapo chini tu redio haikuwafikia?"

"Hata mimi sielewi! Muulize Gaspar."

"Gaspar anasema labda hii antena ndefu inatupa sauti mbali mno, inaturuka sisi wa chini, na ile fupi ingeishusha mpaka bondeni. Hana hakika. Anasema tuiache kwanza, maana Mpanda inasikika vizuri."

Nikahisi hasira inapanda mpaka utosini. "Baba Verdiana, panda leo hii ukaitoe, uweke hiyo fupi. Mimi siwezi kuhamia Mpanda ili mume wangu anisikie."