Kupura kwa Mguu

Vumbi la maganda ya maharagi lina harufu yake, kavu, kali kidogo, inakaa puani mpaka jioni. Kila nikiisikia sokoni naudhika upya, nami ni mtu mzima mwenye watoto.

Mama yangu alinichosha, mnisikie. Tulilima kilimani huko Ngungu, na msimu ule maharagi yetu yote, ya kula na ya mbegu, yalikuwa yametandazwa juu ya bashi, turubai letu moja, yakingoja fimbo. Wingu limeshajaa. Maharagi yakilowana ndani ya maganda yanaota palepale, na hapo huli wala hupandi. Papa, baba yangu, alikuwa amekwenda Walikale kutafuta kazi. Tulikuwa mimi na Mama tu, na Mama hakushika fimbo. Aliketi kwenye kigoda akinisahihisha.

"Unapiga na mukono, na mukono haina nguvu. Egemea muguu ya nyuma, kisha utupe uzito yote kwa ya mbele. Kiuno kigeuke. Fimbo itafuata."

"Mama, mvua inakuja."

"Njo maana nasema. Simama muzuri."

Sasa niambieni: mvua iko mlangoni, na mtu anakufundisha kusimama. Nilipiga kwa mikono, kwa hasira, mabega yakawaka, maganda yakabaki vilevile. "Muguu," akasema. "Muguu." Mwishowe nikaegemea nyuma, nikauachia mwili wote uende mbele, kwa kumkomoa tu, aone kwamba haisaidii kitu. Fimbo ikashuka kwa mlio mzito, maganda yakapasuka, maharagi yakamwagika. Nilichukia zaidi. Nikapura yote vivyo hivyo, tukakunja bashi matone ya kwanza yakituangukia mgongoni, na hata asante sikupata.

Miaka mingi nilimhesabu kuwa mvivu wa kuamuru watu. Mpaka siku moja tukichambua sombe, majani ya muhogo, Mama Mdogo, ndugu yake, akanieleza akidhani najua. Msimu uliotangulia ule, Mama alipura peke yake, kwa nguvu za mikono, bega lake la kuume likaharibika kabisa. Habari ya mguu aliigundua baadaye, ameketi, akitazama majirani wakipura.

Angeniambia, jamani. Neno moja tu. Kumbe namna ile aliyonipigia kelele hakuwahi kuijaribu hata mara moja. Wingu limejaa, bega limekufa, na chakula chetu chote cha mwaka alikuwa amekiweka juu ya mguu wangu.