Nilivyotafsiri uongo mbele ya wageni wa Jumuiya, Ekerenyo

Wakuu, salamu kutoka Nyamira. Hii kitu imenikaa tumboni wiki kadhaa. Naandika ukweli mtupu, hata pale unaponiumbua.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa ndizi karibu na Ekerenyo. Nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mpango wa wakulima kutembeleana. Wa Uganda wanaenda Burundi, wa Tanzania wanakuja Kenya, kila mtu anachota ujuzi wa mwenzake.

Fomu ya kuomba wageni nilijaza mimi. Kulikuwa na swali kuhusu magonjwa ya migomba. Nikaandika hakuna.

Haikuwa kweli. Mnyauko, ule ugonjwa wa kuozesha ndizi, ulikuwa umeshaingia kwenye shamba la shangazi yangu, Kemunto. Lakini niliitaka hiyo ziara, wakuu. Nilishajiona kwenye picha, bendera zote nyuma yangu.

Wakaja kama kumi, Watanzania na Waganda. Kiongozi wao ni Madam Rhobi, afisa kilimo kutoka Tarime. Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaanza kuchunga changu. Wazee wengi hapa Kiswahili kinawapiga chenga, so mkalimani nilikuwa mimi.

Tukazunguka mashamba mazuri tu, yale niliyochagua mwenyewe. Wageni wanaandika, mimi kifua mbele.

Mara shangazi akatokea. Sikuwa nimemwalika. Akasimama na gambuti zake za shambani mbele ya Madam Rhobi, akaongea Kigusii bila kupumua:

"Ndizi zangu zinaoza ndani zikiwa bado mbichi. Nimemwambia huyu mtoto wa ndugu yangu mara mbili, ananiambia ninyamaze mpaka wageni waende. Nyinyi mnajua dawa?"

Watu wote wakaniangalia, wanangoja tafsiri. Nikatabasamu.

"Anasema karibuni sana. Anashukuru Jumuiya kwa kuwaleta."

Madam Rhobi hakutabasamu.

"Kaka, mimi Mkurya. Lugha yetu na hii yenu ni ndugu. Sijashika yote, lakini nimesikia ndizi, nimesikia kuoza, na nimesikia kunyamaza. Jumuiya sijaisikia."

Wakuu, hapo nilitamani ardhi inimeze. Wazee wa kikundi wakaanza kuangalia viatu vyao.

Hakubishana na mimi. Alimshika shangazi mkono, wakaelekea shambani kwake, huyu anaongea Kikurya, huyu Kigusii, polepole, wakionyeshana vitu kwa vidole. Mimi nikafuata nyuma. Hakuna aliyenihitaji tena.

Alipokata shina moja, majimaji ya manjano yakachuruzika. Akaeleza: mgomba mgonjwa ukatwe, kwa migomba mizima lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti, na panga ipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Hapo nikakumbuka kitu. Anayemkatia shangazi ndizi ni mimi, kwa panga yangu. Nikimaliza kwake, naenda kwa majirani na panga hiyo hiyo. Sijawahi hata kuipangusa.

Mganda mmoja akasema kwao ugonjwa huu uliwamaliza kwa sababu kila mtu alificha wa kwake. Hakuniangalia alipokuwa akisema. Afadhali angeniangalia.

Wageni walipoondoka nikarudi kuomba msamaha. Shangazi alikuwa anakata migomba, ile mikubwa aliyoipanda na marehemu mume wake. Hakugeuka.

"Yule mgeni alisikia nusu ya maneno yangu akanielewa," akasema. "Wewe ulisikia yote."

Nikachukua panga nyingine, nikaipitisha motoni, nikaanza kukata upande wa pili.

Kwa majirani wawili ugonjwa umeonekana pia. Kikundi nimewaambia kila kitu, pamoja na ile fomu. Kuna wanaotaka niachie ukatibu, na siwalaumu.

Nilichojifunza ni hiki: nchi jirani haziwezi kutusaidia kwa kidonda tulichokifunika. Ule mpango ulikuja mpaka mlangoni kwetu, na mimi ndiye nilikuwa nimeziba njia.

Kama wewe ulishawahi kuficha jambo la kwenu mbele ya mgeni, tuambie uliishia wapi. Mwenye uzoefu na mnyauko, atupe ushauri. Na wa kunitukana, karibu pia. Nitasoma yote.