Usafi wa Masista

Mtaani kwetu ukitaka kuisifu nyumba ya mtu unasema inang'aa kama kwa masista. Shirika la kitawa la dada yangu Winfrida limejijengea jina kwa usafi: kwenye sakafu unajiona uso, shela hazina doa, watu wanatania kwamba hata nguruwe wao wanaoga. Mimi pia nilikuwa nawasifu. Siku hizi nikisikia sifa hizo natamani kutema mate.

Winfrida aliondoka nyumbani kwetu Simbo akiwa binti wa darasa la saba. Baba, aliyekwisha kumtafutia mchumba, alinuna mwaka mzima. Siku aliyorudi kutusalimia na pete ya nadhiri za daima, mama ndiye aliyemwamkia: "Tumsifu Yesu Kristo, Sista." Mtoto wake wa kumzaa! Huko shirikani hakuwa mwalimu wala muuguzi. Alioka hostia za misa, akafua, akapiga deki. Ule mng'ao wanaousifu watu ulitoka kwenye magoti yake, na wala hakulalamika. Alicheka kwa sauti hata saa za ukimya, akakemewa, akacheka tena.

Kisha kansa ikamshika titi. Kidonda kilipofunguka kikaanza kunuka, wakamleta nyumbani kwa gari lao. Alivaa kitenge, shela walibaki nayo. "Hewa ya nyumbani itamfaa," alisema Mama Mkuu wa shirika bila kushuka garini. Vioo vyote walikuwa wamevishusha, na vumbi lote lile la barabarani.

Nilimuuguza mimi, tangu tunavuna maharage hadi mvua zikarudi. Hakuja sista hata mmoja. Nikianza kuwalaani, Winfrida ananishika mkono.

"Usiwaseme, Regina. Ile ni nyumba yangu. Niahidi nitazikwa kule, na hutawaaibisha."

Nikaahidi. Mgonjwa utamkatalia nini?

Alifariki alfajiri. Kabla ya adhuhuri magari yao yalijaa uani: jeneza lenye kioo, shela mpya, kwaya, na mpiga picha wa video. Kumbe njia ya Simbo walikuwa wanaijua! Mama Mkuu akanieleza kwa upole kwamba sista wa nadhiri za daima ni mtoto wa shirika, na shirika ndilo humzika.

"Sawa, Mama," nikasema. "Basi mumwoshe mtoto wenu. Maji haya hapa, na sabuni hii hapa."

Alitazama mlango wa chumba, akatoa leso, akaziba pua. "Ninyi ndugu mmeshazoea," akasema.

Tumezoea! Kilichoninukia pale hakikuwa marehemu. Nikamwosha mwenyewe, nikamvika shela yao, nikawakabidhi. Ahadi ni deni.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Mkuu alisoma wasifu kwa sauti laini. Kicheko hakikutajwa, eti Winfrida alipenda ukimya. Nikavumilia. Mara akasema, "Katika ugonjwa wake tulimuuguza kwa mikono yetu wenyewe, hadi pumzi ya mwisho. Hiyo ndiyo familia yetu."

Watu wakaguna kwa kuguswa. Mbele yangu mama mmoja mshonaji kutoka Mwanga, ninayemfahamu, akamnong'oneza mwenzake kwamba mwakani binti yake atampeleka huko huko, kwa watu wanaojua kutunza watu.

Nilimtazama yule mama, nikalitazama jeneza. Nilikuwa nimemwahidi Winfrida, na sikutaka kumkosea siku ya kumzika. Lakini miguu ilikwisha kunisimamisha.

"Mama Mkuu," nikasema, na kanisa zima likageuka, "kidonda cha dada yangu kilikuwa titi la kulia au la kushoto?"

Akainamia karatasi yake, akaanza kutafuta.